Pale Lami Inapokatikia

Picha za Katavi karibu zote ni za viboko. Utawaona wamebanana kwenye tope la Mto Katuma wakati wa kiangazi, kisha nyati wa mbuga ya Chada, kisha twiga, kisha jua linazama. Sina ugomvi na viboko. Lakini hakuna anayepiga picha fremu tatu za tofali za kuchoma zilizosimama peke yake nje kidogo ya Mpanda, mji mkuu wa mkoa, milango ya chuma imefungwa, mbele lundo la mchanga, nyuma mahindi. Ukiniuliza kipi kinaieleza Katavi ya leo, nitakupeleka kwenye fremu. Kiboko alikuwapo tangu hapo. Fremu imekuja juzi, na aliyeijenga ameijenga kwa hesabu: anaamini kwamba baada ya miaka michache pale mbele watapita watu wenye haja ya chumvi, vocha na misumari.

Sura hii ni ya vitu vya namna hiyo. Barabara za kawaida, mitaro, vivuko, maboma yasiyoezekwa, sheli, madarasa. Anayetaka kuujua mji mkongwe aanzie katikati, kwenye soko na msikiti wa zamani. Mpanda aanzie pembeni, kwa sababu watu wengi wa Mpanda wako huko.

Hesabu zenyewe zinashtua. Sensa ya 2012, mwaka uleule mkoa ulipozaliwa kwa kumegwa kutoka Rukwa, iliwakuta Katavi watu 564,604. Sensa ya 2022 ikawakuta 1,152,958. Ni ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, na hakuna mkoa mwingine nchini uliokimbia hivyo. Wamekuja wafugaji na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Tabora, wamekuja wakulima wa tumbaku na mpunga, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na watumishi wa ofisi zote ambazo mkoa mpya lazima uwe nazo. Watu hao hawawezi kuenea Kashaulili, penye maduka. Wamekwenda Nsemulwa, Kawajense, Ilembo, Misunkumilo, Kasokola, na kila msimu wa mavuno ukiisha wanakwenda mbele kidogo.

Mji wenyewe ni mtoto wa reli. Kulikuwa na machimbo ya risasi pale Mukwamba, yakiendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals, na madini hayo yasingeweza kufika baharini kwa mabega ya watu. Likajengwa tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye njia ya Kigoma, kilomita zipatazo 210 kukata misitu ya miombo na kuvuka Mto Ugalla, hadi Mpanda mwaka 1950. Miaka 10 baadaye, mwaka 1960, machimbo yakafungwa. Reli ikabaki. Sehemu nyingine duniani reli iliyopoteza mzigo wake hung'olewa na kuuzwa chuma chakavu; hapa ikaendelea kubeba abiria, magunia ya mahindi na kuku, na miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika ya kutoka Mpanda masika yakishika.

Ila reli ina tabia yake. Hujenga kituo, haijengi njiani. Ukipanda treni ya Mpanda utaona nyumba zimekusanyika stesheni, halafu pori, halafu stesheni nyingine. Hakuna mtu anayefungua duka kando ya reli mahali ambapo treni haisimami. Barabara ni kinyume: gari husimama popote, kwa hiyo duka huota popote. Mji ulioanza kwenye stesheni ulikuwa na umbo la duara. Tangu lami ifike, umeanza kunyooka.

Na lami imefika kwa awamu. Mashariki ndiko kulikobadilika zaidi. Barabara ya Tabora kupitia Inyonga, Koga, Ipole na Sikonge ilizinduliwa rasmi Mei 2022, ikiwa na kilomita 342.9 za lami, kwa fedha za mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Waliosafiri njia ile kabla ya hapo wanajua maana yake: Mto Koga ukifurika, basi linalala, na abiria wanalala nalo. Kaskazini, kuelekea Uvinza na Kigoma, kipande cha kilomita 35 hadi Vikonge kimetiwa lami, na kazi imekuwa ikisogezwa kipande kwa kipande. Magharibi ni Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879 na Mapadri Weupe wakaichukua 1885. Huko sasa kuna bandari mpya inayotazamana na Kongo, na kila anayemiliki kiwanja upande huo wa mji anakihesabu kwa malori ya Kalemie na Moba ambayo bado hajayaona kwa wingi anaoutaka.

Kusini ni habari nyingine. Lami inakupeleka Sitalike, kilomita zipatazo 35, na hapo mji unagonga ukuta. Mbele ni Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, kilomita za mraba 4,471. Barabara ya Sumbawanga inapita ndani yake, lakini huruhusiwi kujenga hata kibanda cha muhogo. Badala ya fremu kuna mbung'o, na dereva mzoefu hufunga vioo mapema hata kama joto linaua. Waingereza waliizungushia London mkanda wa kijani kwa sheria ya mwaka 1938 ili jiji lisimeze mashamba, na wamekuwa wakigombana juu ya mkanda huo hadi leo. Mpanda upande wa kusini mkanda wake una viboko, na haujahitaji mjadala mrefu.

Turudi upande unaojengeka. Lami mpya inapoingia mtaani, kitu cha kwanza kinachobadilika si nyumba, ni mtaro. Barabara ya vumbi ilikuwa sawa na uwanja wa nyumba. Mteja alishuka kwenye baiskeli akaingia dukani. Barabara ya lami imeinuliwa kwa tuta la moramu iliyoshindiliwa, na pembeni yake kuna mtaro wa zege au wa mawe, mwingine unamfika mtu kiunoni. Duka ambalo jana lilikuwa barabarani leo liko ng'ambo. Hapo mwenye duka anatoa fedha mfukoni kujenga kivuko, na vivuko hivyo vinastahili kutazamwa kwa utulivu. Kuna magogo matatu yaliyolazwa, ambayo masika moja huyaozesha. Kuna mbao za kenchi zilizobaki kwenye ujenzi. Kuna bamba la zege lenye nondo, limemwagwa na fundi mtaani bila kipimo cha mhandisi yeyote, nalo linabeba fuso la saruji kila wiki. Kwenye grosari utakuta kivuko kipana chenye vyuma vya kushikia pande zote mbili, kwa kuwa mteja wa grosari anavuka akienda yuko sawa na akirudi hayuko sawa. Bajeti ya mkandarasi haina kivuko cha kila mlango, kwa hiyo ukitembea kando ya mtaro unasoma uwezo wa kila mwenye nyumba, mlango kwa mlango.

Ukiacha barabara kuu na kukata kushoto au kulia, unabadilisha mamlaka bila kuonyeshwa kibao. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za mitaani na za vijijini ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kuzitoa kwenye mikono ya halmashauri. Tairi linakuambia kabla ya macho: lami inakatika kwa ukingo mkali, unashuka kwenye changarawe, kisha udongo mtupu, kisha njia ya ng'ombe ambayo watu wamekubaliana kuiita mtaa. Greda hupita baada ya mvua, bajeti ikiruhusu. Bodaboda wanazijua barabara hizi kuliko ofisi zote mbili.

Huko ndani ndiko nyumba zinakotengenezwa, na hata malighafi yake haitoki mbali. Tofali za Mpanda ni za kuchoma. Vijana wanachimba udongo mfinyanzi bondeni, wanaukanyaga na maji, wanaufyatua kwa kibao cha mbao, wanazianika tofali chini ya nyasi ili jua lisizipasue. Zikikauka wanazipanga tanuru refu kama kontena, na chini yake wanaacha midomo miwili au mitatu ya kutilia kuni. Tanuru linakandikwa tope nje ili joto lisitoroke, linawashwa, na mtu analala hapo kulilinda, maana moto ukizimika katikati hasara ni ya wote. Likipoa na kufunguliwa, tofali za katikati zimeiva nyekundu, ukizigonganisha zinalia. Za pembeni hubaki nusu mbichi, na hizo huuzwa kwa bei ya chini kwa anayejenga choo au banda, au kwa mgeni asiyejua kugonganisha.

Kuni zake ni miombo, na hapa ndipo ninapoona shida ya kweli ya ukingo wa Mpanda. Nyumba ya vyumba vitatu inakula tofali maelfu, na maelfu ya tofali yanakula miti ambayo haijapandwa na mtu. Tofali za saruji zipo, lakini mfuko wa saruji unakuja kutoka mbali na bei yake inabeba safari yote. Kwa hiyo msitu unarudi nyuma kwa kasi ileile ambayo nyumba zinasonga mbele, na mashimo ya udongo yaliyoachwa hujaa maji masika yakaota mbu. Halmashauri inaweza kukataza, na mara nyingine hukataza, lakini hakuna katazo litakaloshinda tofauti ya bei kati ya udongo wa bure na saruji ya dukani.

Nyumba yenyewe haijengwi mfululizo. Msingi unachimbwa fedha za mavuno zikiingia. Kwa mkulima wa tumbaku ni baada ya masoko ya katikati ya mwaka, chama chake cha msingi kikishalipwa. Mwaka unaofuata ukuta unafika kwenye lenta. Mwaka wa tatu, bati. Kati ya awamu moja na nyingine jengo linasimama wazi, boma tupu, majani yanaota chumbani, mbuzi wanalala sebuleni. Mgeni akipita anadhani ni magofu ya mji uliokimbiwa. Ni benki. Familia nyingi haziwezi kuweka milioni moja kwenye simu ikabaki salama. Kuna ada, kuna msiba, kuna shemeji. Tofali zikishajengwa haziazimwi. Ndiyo maana hata benki zikiongeza matawi maboma hayapungui, na sioni kwa nini mipango miji yetu iyaite uchafu wa mandhari.

Katikati ya maboma hayo utakuta majengo ambayo hayakungoja mavuno. Ni ya serikali, na yanajulikana kwa ramani zake. Zahanati ni ileile, kituo cha afya ni kilekile. Shule za sekondari za kata zilienea nchi nzima kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2021, kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabili janga la Uviko-19, yakajengwa madarasa 15,000 kwa mkupuo: ni hayo watu wanayoyaita madarasa ya Uviko. Darasa la Mpanda na la Masasi amechora mtu mmoja. Wako wanaolalamika kwamba majengo haya hayana sura ya mahali, na ni kweli. Lakini tazama yanavyofanya kazi pembeni mwa mji: shule ikishasimama porini, baada ya msimu mmoja inapata njia ya miguu, ya pili kibanda cha maandazi, ya tatu mtu anauza viwanja vya jirani. Shule ya kata imepanga mitaa mingi kuliko ofisi ya mipango miji.

Swali linalobaki ni kwa nini tunapenda kujenga kwa mstari, tukiikumbatia barabara, wakati nyuma kuna ardhi tele. Wapo wanaosema ni ukosefu wa nidhamu. Mimi naona mambo mawili yanasahaulika.

La kwanza, serikali yenyewe ndiyo iliyotupanga hivyo. Katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, mamilioni ya watu walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya kutawanyika na kuwekwa vijijini, na vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara ili lori la chakula, mganga na mwalimu wafike. Aliyekataa kusogea barabarani alisogezwa. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba hizo za mstari leo ana umri wa kuwa babu. Huwezi kumfundisha mtu kwa nguvu kwamba barabarani ndipo penye maisha, kisha ukamshangaa mjukuu wake anapofungua fremu barabarani.

La pili, hatuko peke yetu. Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilijenga barabara mpya za kukwepa miji, na nyumba zikazifuata pande zote mbili, mstari mmoja wa nyumba mapacha kila upande na nyuma yake malisho ya ng'ombe. Sababu zilikuwa zetu: barabara ipo tayari, bomba limepita, ardhi ya mbele ni rahisi kuuza. Bunge lao likapitisha sheria mwaka 1935 kuzuia ujenzi huo wa utepe, ikidhibiti jengo lolote ndani ya futi 220, kama mita 67, kutoka katikati ya barabara. Mwaka 1947 ikafuata sheria kubwa ya mipango miji na vijiji, na mwaka 1956 Tanganyika ikapewa sheria yake kwa mfano huo, Sura ya 378, ambayo tulitembea nayo hadi Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Tulirithi dawa ya ugonjwa ule, bila idadi ya wapima ardhi wanaohitajika kuitumia.

Kinachochekesha, au kusikitisha, ni kwamba katika mkoa huu mahali palipopangwa vizuri mapema zaidi palikuwa makazi ya wakimbizi. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa Katumba, kwenye njia ya reli, na baadaye Mishamo mwaka 1978. Huko barabara zilikatwa kwanza, mashamba yakapimwa, kisha familia zikakaribishwa. Sehemu kubwa ya wakazi hao ni Watanzania leo. Zaidi ya watu 162,000 kutoka Katumba, Mishamo na makazi mengine ya wakimbizi ya Ulyankulu walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Raia wenye asili ya hapa hatukuwahi kupimiwa kwanza namna hiyo. Sisi kiwanja tunapimiwa kwa hatua za miguu, ishirini kwa thelathini, muuzaji akiwa na miguu mifupi siku hiyo, na mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri.

Ndipo inapokuja X.

X hupakwa rangi ukutani, kubwa, kwa brashi pana, mara nyingi mbele karibu na mlango ili kila mpita njia aione. Kuna mbili, na tofauti yake ni fedha. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa zamani ilikuwa mita 45, yaani 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 zikaifanya mita 60, yaani 30 kila upande. Jengo lililo ndani ya zile 22.5 za zamani linapata X nyekundu: wewe ndiye uliyeifuata barabara, bomoa, hulipwi. Lililo kati ya 22.5 na 30, ikiwa lilikuwapo kabla ya upana huo mpya, linapata X ya kijani: barabara ndiyo iliyokufuata, eneo likihitajika utalipwa fidia. Mita saba na nusu zinatenganisha mtu anayelipwa na mtu anayeokota mabati yake.

Mwenye X ya kijani hayuko raha kama inavyodhaniwa. Hafukuzwi, lakini hathubutu kuongeza chumba. Mpangaji akiona rangi anaomba apunguziwe kodi. Jengo linabaki hivyo mwaka baada ya mwaka, limezeeka kabla ya wakati wake, likisubiri mradi ambao huenda uko mwaka huu na huenda uko muongo ujao. Nadhani sheria ingekuwa ya haki zaidi kama ingeweka muda: serikali ilipe ndani ya miaka kadhaa, au ifute rangi.

Na tatizo la X nyekundu lingepungua sana kama watu wangejua jambo moja ambalo mafundi wengi hulikosea. Mita hizo hazihesabiwi kuanzia mtaroni wala mwisho wa lami. Zinahesabiwa kuanzia katikati ya barabara. Lakini mtu akisimama kando ya lami na kuona ukanda mpana wa majani, anadhani eneo ni la wazi; kumbe ile nafasi imeachwa kwa barabara ya pili, kwa bomba, kwa nguzo.

Kwa hiyo msomaji unayetafuta kiwanja njia ya Tabora, ya Vikonge au ya Karema, usiridhike na hatua za muuzaji. Nenda ofisi ya TANROADS ya mkoa uulize upana wa hifadhi hapo unapopataka, kwa maana barabara hupandishwa daraja na upana ukabadilika nayo. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri uulize kama eneo lina mchoro wa mipango miji, na kama upo, kiwanja chako kimeangukia makazi, shule au makaburi. Tafuta vigingi vya zege kwenye majani. Mwisho chukua futi kamba, ushikiwe upande mmoja katikati ya lami, upime mita 30 kamili. Msingi uchimbwe baada ya hapo.